Alitoka kupokea simu, hajarudi mezani

SWALI

Dada mshauri, shikamoo.

Nina miaka 29, naishi Sinza. Tuko sita, na kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni tunakutana sebuleni kwangu kucheza mchezo wa kuigiza mezani, wa ukoo ule wa Dungeons & Dragons. Kwa wasioujua: mmoja anakuwa msimulizi, anaeleza kijiji, njia na hatari iliyopo. Wengine watano kila mmoja ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na mashaka tunarusha dadu ya pande 20. Msimulizi ni mimi.

Hatukutaka ngome za Ulaya na theluji, kwa hiyo nilitunga nchi inayofanana na kwetu enzi za misafara: wapagazi wanaoshuka na pembe kutoka maziwa makuu hadi pwani, watemi, waganga, vita vya njiani. Miezi mitano imekwenda vizuri sana.

Wiki nne zilizopita msafara uliingia kijiji ambacho mvua imekata na ng'ombe wanakufa. Jumbe wa kijiji, Kafuku, na mganga wake, Lukelesha, wanasema mchawi amepatikana: kikongwe mmoja mwenye macho mekundu anayeishi peke yake ukingoni mwa kijiji. Hata mbwa wa jumbe, Popo, anambwekea. Wachezaji wachague: wamtetee, wamkabidhi, au wapite zao. Nilitegemea watamtetea.

Mmoja wetu, nimwite Juma, mhusika wake ni askari wa kukodi. Akasema, "Tumalize kazi tulipwe." Akaanza kusimulia mapanga, kidogo kidogo, kwa mzaha. Wawili wakacheka. Nami nikarusha dadu, sikumkatiza. Kisha akamgeukia mwenzetu mwingine, nimwite Masanja, akamwambia, "Mtani, hii si kazi ya kwenu? Tuelekeze basi." Juma ni Mzaramo, Masanja ni Msukuma wa Shinyanga, na utani wao hauna mwisho. Masanja akatabasamu, akachukua simu, akatoka barazani. Dakika kumi baadaye akaandika kwamba amepata dharura. Karatasi ya mhusika wake ikabaki mezani. Tangu hapo Jumamosi tatu jibu ni lile lile: "Niko bize kidogo."

Sikuwa mzembe kabisa. Tangu siku ya kwanza kuna kadi yenye herufi X katikati ya meza. Mtu yeyote akiigusa tunaruka tukio bila maswali. Miezi mitano hakuna aliyeigusa. Juma anasema, "Kadi ilikuwepo, angeigusa." Mwingine anasema hayo ni mambo ya Wazungu, mchezo ni mchezo tu. Dada pekee kwenye kundi amenifuata pembeni na kuniambia hata yeye hakupenda, ila hakutaka kuharibu raha ya watu.

Nimuulize Masanja kilichotokea? Nimtoe Juma? Niondoe uchawi wote kwenye hadithi? Nikiondoa kila kizito, tutabaki na nini zaidi ya kuua majoka?

Msimulizi, Sinza

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Umeleta maswali manne, lakini nikiisoma barua yako naona mafundo matatu: mtu aliyenyamaza, tukio lililokwenda kusikokusudiwa, na kadi iliyokuwepo isifanye kazi. La Juma nitalifikia, ila naomba tusianze naye. Ukianza na mkosaji, mengine yote utayasoma kupitia kwake.

Kwanza, hujui kwa nini Masanja alitoka. Huenda ni ule utani. Huenda ni yale mapanga, kwa sababu mauaji ya vikongwe wanaotuhumiwa uchawi upande wa Shinyanga na Mwanza si hadithi ya enzi za misafara, ni jambo ambalo mtu wa rika lenu anaweza kuwa amelisikia nyumba ya tatu. Huenda kweli alipigiwa simu. Kitu kizuri ni kwamba huhitaji kujua ili umtendee vema, na kumuuliza "kulikoni" ni kumtaka alipe kwa maelezo ndipo arudi. Kama ni jambo la nyumbani kwao, unamlazimisha kulifukua. Kama si hilo, unamlazimisha kukana.

Unaweza kumwandikia hivi: "Masanja, habari za wiki. Lile tukio la kijijini niliendesha vibaya, nikaliacha likaenda mbali. Nimesimamisha. Huna haja ya kunieleza chochote. Nafasi yako ipo, na ukija usipokuja sisi ni wale wale." Uandike kwake binafsi, siyo kwenye kundi. Maandishi yanafaa kuliko sauti, maana sauti inataka isikilizwe palepale na pengine yuko kwenye daladala. Tuma katikati ya wiki. Ujumbe wa Jumamosi asubuhi, hata uwe mpole namna gani, unasomeka kama wito. Akisoma asijibu, msalimie tena baada ya wiki mbili kwa habari nyingine kabisa. Kuna hatari kwamba utabaki hujui. Pima kama unaweza kuishi na hilo. Na siku akikufungukia jambo zito kuliko mchezo, msikilize usimtibu. Hospitali za rufaa kama Amana, Temeke na Mwananyamala zina maofisa ustawi wa jamii, na kumsindikiza mtu huko ni msaada tosha.

Sasa kadi. Unaitaja kama ushahidi kwamba hukuwa mzembe, na Juma anaitumia kama ushahidi kwamba Masanja hakuumia. Miezi mitano bila kuguswa haithibitishi lolote kati ya hayo mawili. Kadi ya X ilibuniwa na Mmarekani John Stavropoulos, na tangu mwanzo haikuwa kuweka karatasi mezani tu: msimulizi anaitambulisha kwa sauti, anasema hakuna atakayeulizwa sababu, na anajihesabu yeye mwenyewe miongoni mwa watakaoihitaji. Kadi ambayo haijawahi kuguswa inageuka kengele ya moto. Kila mtu anaogopa kuwa wa kwanza kuivunja kioo.

Tena fikiria ilikuwa inamdai nini Masanja sekunde ile. Anyooshe mkono mbele ya watu watano, wawili wakiwa wanacheka, asimamishe starehe ya wote. Sisi tumelelewa kutoharibu shughuli ya mwenye nyumba. Dada yenu amekuambia hivyo hivyo kwa maneno yake, naye hakuwa na kijiji chochote cha kutetea.

Juu ya kufuli hilo kulikuwa na la pili: utani. Hapa sikubaliani na anayesema kujiwekea mipaka ni mambo ya Wazungu. Utani wa Wazaramo na watu wa Unyamwezi na Usukuma unasimuliwa kuwa ulizaliwa kwenye njia hiyo hiyo ya misafara mnayoicheza, na una masharti mengi kuliko kadi yoyote. Unajua nani ni mtani wako na nani siye. Mtani anaweza kuvuruga hata msibani na wafiwa wakacheka, lakini kila aliyepo anajua huyu ni mtani, na mtani huyo huyo ana kazi zake msibani za kufanya. Sharti kubwa kuliko yote ni kwamba mtani hakasiriki. Ndiyo maana Masanja alitabasamu. Kadi ilimtaka awasimamishe wote, utani ukamkataza kuonyesha kuwa ameumia. Simu ndiyo ilikuwa mlango pekee uliobaki wazi.

Kwa hiyo, ukitaka kuibakiza kadi, ipunguzie uzito. Iguse wewe, ndani ya nusu saa ya kwanza, kwa jambo dogo: "Haya maelezo ya kidonda naona yanatosha, turuke." Fanya hivyo Jumamosi tatu mfululizo, itazoeleka. Weka na njia isiyoonekana: mtu akikutumia herufi moja tu kwenye simu, unabadilisha tukio kana kwamba wazo ni lako. Hapo simu yako ikae mezani kifudifudi na mtetemo, vinginevyo hutaiona. Halafu uwe na mapumziko ya lazima, dakika 20 saa kumi alasiri. Wanaoswali wataswali, wengine watakunywa soda, na mwenye kutaka kuondoka ataondoka bila kutunga dharura. Wewe pia unacho kidole cha kushika rimoti, kama yule anayetafsiri filamu kwenye kibanda cha video: simamisha, rudisha nyuma, peleka mbele. Mtu aliyekuwa akiongea akinyamaza ghafla, akianza kuchezea dadu, akishika simu katikati ya tukio, simamisha kwanza. Ukikosea umepoteza dakika moja.

Kadi hata ikifanya kazi ina udhaifu wake: inafika baada ya neno kusemwa. Kinachotangulia ni makubaliano, na kwa hayo kuna njia ambayo Ron Edwards, mtunzi wa michezo ya aina hii, aliiandika mwaka 2003, mistari na mapazia. Mstari ni jambo lisiloingia kabisa kwenye hadithi yenu. Pazia ni jambo linaloweza kutokea lakini halisimuliwi, mnaamkia asubuhi yake. Ni kama pazia la mlango wa chumba: kila mgeni anajua kuna chumba, hakuna anayechungulia.

Tenga Jumamosi moja isiyo na dadu, saa moja inatosha. Chapisha karatasi sita zinazofanana zenye mada 15 hadi 20 na safu tatu: sawa, kwa pazia, hapana. Majibu yawe alama ya vema tu, kwa kalamu za rangi moja, kwa sababu mkiwa sita mwandiko unajulikana. Nawe ujaze ya kwako. Zikusanye, ukaziunganishe peke yako kwa kanuni moja: jibu kali kuliko yote ndilo la kundi. Watano wakisema sawa na mmoja hapana, ni hapana. Zichane, kisha usome orodha moja isiyo na majina. Wengi hukosea hapa kwa kufungua mjadala ("nani kaweka hapana kwenye majini?"), na usiri umekwisha. Wengine hupiga kura, na kura kazi yake ni kuonyesha nani wachache.

Orodha uitunge ya hapa. Zile za kigeni zina buibui na damu, na nyingi hazina kilicho karibu nasi: mauaji ya vikongwe, watu wenye ualbino na biashara ya viungo, majini na kupandisha mashetani (mlokole na mswalihina watakuwa na majibu yao, na yote ni halali), ukeketaji, ubakaji, kufiwa na mtoto, matusi ya kabila, utumwa, ambao katika hadithi ya misafara hauwezi kukwepa kuutolea kauli. Usisahau vinavyoonekana vyepesi. Jahazi kuzama ni tukio la kawaida kabisa kwenye michezo hii, dadu mbili na watu wameogelea ufukweni. Lakini MV Bukoba ilizama 1996, Spice Islander 2011, MV Nyerere 2018. Kwenye meza yoyote ya Dar es Salaam usidhani hakuna aliyesubiri maiti ufukweni. Nafasi ya mwisho iache tupu kwa kila mtu kuongeza lake. Ukiona zimerudi zote zimejaa "sawa", usifurahi haraka. Mara nyingine maana yake ni kwamba watu hawakuamini kuwa utazichana.

Kuhusu kijiji chenyewe, naona njia tatu. Unaweza kulifuta tukio: halikutokea, msafara ulipita njia nyingine. Ni safi, ila wachezaji wataulizana kwa nini, na macho yataangukia kiti kitupu. Unaweza kuteremsha pazia, ukaeleza kwa sentensi mbili kwamba kijiji kiliamua na msafara ukaondoka. Ni haraka, lakini unamuua yule bibi kimyakimya, na sijui kama hilo ndilo ulilotaka. Au unaweza kurudisha nyuma hadi kabla Juma hajafungua mdomo, uanze upya kwa macho mengine. Hiyo ina utajiri zaidi, na ni ya hatari zaidi kama Masanja atakuwepo bila kuambiwa mapema. Vyovyote utakavyochagua, litangaze kuwa uamuzi wako: "Sikupenda nilivyoliendesha, nabadilisha." Usimtaje wala usidokeze mtu.

Ukifikiria ile ya tatu, soma tena barua yako. Jumbe ana jina. Mganga ana jina. Mbwa ana jina. Kikongwe hana. Wachezaji wako walipewa mtu wa kuokolewa au kukatwa, hawakupewa mtu wa kuongea naye, na Juma alicheza kile alichopewa. Ungemwita Nyanya Kabula, angekuwa na shamba la mihogo lenye mipaka mizuri na mpwa anayelitolea macho, kwa sababu nyuma ya tuhuma kama hizi mara nyingi kuna ardhi au mirathi. Angewakaribisha ndani, waone jiko la moshi wa kuni na vinyesi vya ng'ombe, wajue wenyewe macho yamekuwaje mekundu. Hapo swali lingekuwa nani atafaidika na kifo chake, na hilo linachezeka kwa Jumamosi mbili bila panga kuchomolewa. Kwa hiyo hofu yako ya kubaki na majoka naiona haina msingi sana. Uzito haukuwa kwenye mapanga. Lakini kama karatasi zikirudi na "hapana" kwenye mada hii, Nyanya Kabula apumzike, nawe uwe na kijiji kingine mfukoni.

Juma sasa. Umeuliza kama umtoe, nami nakuuliza: ulimwambia lini kwamba mapanga yana mwisho? Ulirusha dadu. Msimulizi akirusha dadu amesema endelea. Hilo halimfanyi asiwe na lake. Utetezi wa "ndivyo mhusika wangu alivyo" hausimami, kwa kuwa mhusika hana mdomo mwingine zaidi ya wa Juma. Ila kuna tofauti kati ya mtu aliyepitiliza na mtu anayefurahia kupitiliza, na utaijua ukikaa naye wawili tu, mahali pasipo na dadu. Mwambie ulichoona, siyo ulichodhani. Usiseme "ulimuumiza Masanja", kwa sababu hujui na anaweza kwenda kumuuliza. Sema kwamba askari wake anaweza kubaki mkatili, ila mauaji ya mtu asiye na silaha yatakuwa nyuma ya pazia, na utani wa makabila ubaki nje ya hadithi, wafanye wakati wa soda. Akisikia akanuna wiki moja, si jambo. Akicheka na kurudia Jumamosi inayofuata, utakuwa na uamuzi mwingine mbele yako, wenye gharama pande zote mbili, na sitaki kukufanyia nikiwa mbali.

Dada yenu naye usimsahau. Alikuja kukuambia, na kwenye barua umempa mstari mmoja. Mshukuru, na umuulize kama orodha yako imepungukiwa kitu. Usimfanye msemaji wa wanyonge wa meza, ni mzigo ambao hakuuomba.

Kila mkimaliza, acha dakika kumi kabla watu hawajakimbilia mwendokasi. Kila mtu ataje kitu kimoja alichokipenda na kimoja angependa kukiona wiki ijayo. Wewe uanze na ufupishe. Hisia za mhusika huvuja zikamfuata mchezaji nyumbani, hasa baada ya tukio zito, na dakika hizo zinawavua watu nguo za wahusika. Pia ndipo utakaposikia, kwa lugha ya "ningependa", yale ambayo hakuna angeyasema kwa lugha ya "sikupenda".

Na ile karatasi ya mhusika iliyobaki mezani, ihifadhi. Mhusika wa Masanja usimuue wala usimkabidhi kwa mchezaji mwingine. Msafara umtume mbele kwenda pwani kutafuta jahazi, na kila Jumamosi mwandikie pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika ngazi, sawa na wenzake. Akirudi mwezi ujao au mwakani, atakuwa ngazi moja nanyi, na jahazi litakuwa limepatikana.